Maswali Yenu: Chembe moja, kilomita za mraba 3,000 za matanki, na bado hatujui inakotoka

Toleo lililopita tuliweka habari fupi kuhusu mionzi ya kosmiki (chembe zinazotufikia kutoka anga za mbali) yenye nishati kubwa kuliko zote, na maswali yamemiminika mpaka ukurasa hautoshi. Yanayofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyapunguza. Asanteni sana, maana hii ni mada ninayoipenda kweli na nilikuwa nasubiri tu mtu aniulize.

Shikamoo mwalimu. Mliandika kwamba chembe moja, ndogo kuliko atomu, iliingia hewani na nishati ya kutosha kunyanyua mzigo wa kilo 5 mita 1 juu. Nimerudia kusoma mara tatu. Hivi hamkukosea sifuri hapo? (Mwanafunzi wa chuo)

Marahaba mwanangu. Sifuri ziko sawa. Tarehe 15 Oktoba 1991 kituo cha Fly's Eye kule Utah, Marekani, kiliona mmweko hafifu ukikatiza anga, walipopiga hesabu nishati ikatoka elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati, cha kupimia chembe) 32 halafu ufuatishe sifuri 19. Kwa vipimo vya shuleni hiyo ni jouli 51 hivi, na ndo kama kunyanyua ule mzigo wa kilo 5. Hata wenyewe hawakuamini, wakaikagua upya na upya, maana kosa la aina hiyo ni rahisi kufanya, lakini namba haikushuka.

Ili tusichoke na sifuri, wenye fani wanatumia EeV, EeV 1 ni elektronivolti bilioni bilioni. Kwa hiyo ile ya 1991 ilikuwa EeV 320. Sasa linganisha na mashine ya kusukuma chembe ya LHC pale CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, yenye njia ya duara ya kilomita 27 chini ya ardhi na sumaku zilizopozwa kupita kiasi, inaisukuma protoni mpaka elektronivolti trilioni 6.8. Chembe ya Utah ilikuwa na zaidi ya mara milioni 40 ya hapo, na haikusukumwa na mashine ya binadamu yeyote. Kama ilikuwa protoni, basi ukiishindanisha na mwanga kwa mwaka mzima, mwanga ungeiacha kwa chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hebu fikiria!

Na haikuwa ya kwanza kutushtua. John Linsley na wenzake walikuwa na uwanja wa ditekta (vyombo vya kuhisi chembe) New Mexico, unaitwa Volcano Ranch, na mwaka 1962 walinasa moja ya EeV 100 hivi. Miaka zaidi ya 60 tunajua zipo, ila nani anazirusha bado hatujui, na hilo ndo linaloninyima usingizi.

Mnasema "walinasa". Wananasaje kitu kidogo hivyo kinachopita kwa kasi ya mwanga? Wana chombo gani? (wasomaji kadhaa)

Hapa nitakaa kidogo maana ndo utamu wenyewe ulipo.

Kwanza ondoa wazo la kunasa chembe yenyewe. Haifiki chini. Ikigonga kiini cha atomu ya naitrojeni au oksijeni juu kabisa hewani inapasuka, zinazaliwa chembe nyingine, nyingi ni pioni (chembe zinazoishi muda mfupi sana), nazo zinagonga viini vingine au zinageuka kabla hazijagonga, zingine zinakuwa myuoni (ndugu mzito wa elektroni), zingine zinatoa miali ya gama (mwanga wenye nishati kubwa mno) ambayo nayo inazaa elektroni na pozitroni (elektroni yenye chaji chanya), hizo zinatoa gama tena, gama zinazaa tena, na kadhalika mpaka ile nishati imegawanywa kwa makumi ya mabilioni ya chembe. Yote hayo kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kinachofika ardhini ni kama sahani nyembamba ya chembe, imetawanyika kilomita kadhaa, inashuka karibu na kasi ya mwanga. Pierre Auger, Mfaransa, aliliona hili mwishoni mwa miaka ya 1930: aliweka ditekta mbalimbali na zikawa zinalia kwa wakati mmoja, tena zingine alizipeleka juu milimani Jungfraujoch, Uswisi, akaelewa kwamba zote zinapigwa na manyunyu ya chembe yenye chanzo kimoja.

Tatizo la pili ni uhaba. Zile za zaidi ya EeV 100 huwezi kutegemea hata moja kwa kilomita moja ya mraba kwa miaka 100. Ukiweka chombo kimoja kizuri sana uwani ukakaa kusubiri, utazeeka. Dawa ni eneo, hakuna nyingine. Ndo maana James Cronin na Alan Watson mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipendekeza kitu ambacho wengi walikiona ni kikubwa mno, na leo kipo: Pierre Auger Observatory (kwa kifupi Auger), karibu na mji wa Malargüe, mkoa wa Mendoza, Argentina. Ni matanki kama 1,600 ya maji, yametandazwa kwenye nyika ya kilomita za mraba 3,000, kila tanki liko kilomita moja na nusu kutoka kwa jirani yake. Data zilianza kuchukuliwa 2004, ujenzi ukakamilika 2008.

Kwa nini maji? Ndani ya maji mwanga unatembea polepole kuliko kwenye ombwe, lakini myuoni au elektroni yenye nishati kubwa haipungui hivyo, inaupita mwanga humo humo majini na inapoupita inatoa mng'ao wa bluu unaoitwa mwanga wa Cherenkov. Kila tanki lina lita 12,000 za maji safi sana, giza totoro ndani, na mirija mitatu juu inayohisi mwanga hata ukiwa mdogo vipi. Chembe ikipita, mirija inaona.

Muelekeo unapatikana kwa saa. Ile sahani ikija imeinama, tanki la upande mmoja linapigwa mapema na la upande wa pili linachelewa, tofauti ni ya sehemu za milioni za sekunde, na saa za matanki zinasawazishwa kwa GPS kwa hiyo tofauti hiyo inaonekana vizuri tu. Matanki matatu tayari yanakupa mstari wa kurudi angani. Yakiwa kumi na tano, bora zaidi.

Halafu kuna macho. Pembezoni mwa uwanja kuna vituo vinne vya darubini, jumla darubini 27, zinatazama hewa iliyo juu ya matanki. Manyunyu yakipita, naitrojeni ya hewani inawaka kidogo kwa mwanga wa urujuanimno, na kiasi cha mwanga huo kinafuatana na idadi ya chembe zilizopita pale. Yaani unayatazama manyunyu yakikua, yanafika kilele, yanafifia. Ni njia nzuri kuliko zote ya kupima nishati, ila darubini zinafanya kazi usiku tu, tena usiku usio na mbalamwezi na hewa ikiwa safi, jumla kama asilimia 15 ya muda. Matanki hayalali. Kwa hiyo wanachukua yale manyunyu yaliyoonekana na darubini na matanki kwa pamoja, wanayatumia kuyafundisha matanki kusoma nishati, alafu matanki yanaendelea peke yake mchana na usiku. Sijui mwenzangu unaonaje, mimi naona huu ni mpango wa akili kweli kweli.

Mimi ni fundi wa sola. Matanki 1,600 nyikani bila nguzo ya umeme, yanaendeshwaje? Na yanajuaje kutofautisha hiyo chembe kubwa na mionzi ya kawaida ambayo mnasema inatupiga kila siku? (Fundi)

Fundi, hili swali lako nimelifurahia. Kila tanki lina paneli zake za sola na betri zake, na mwanzoni lilibuniwa litumie wastani wa wati 10 hivi tu, pamoja na elektroniki na redio ya kupeleka data. Na ni lazima liwe hivyo, ukivuta nyaya kwenye eneo la ukubwa huo pesa yote inaishia kwenye nyaya.

Sehemu ya pili ya swali ndo nzito. Kila tanki linapitiwa na myuoni za kawaida zaidi ya 2,000 kila sekunde. Wangezituma zote redio ingekufa siku ya kwanza. Kwa hiyo tanki lenyewe linachuja, linaripoti kituo kikuu kama mara 20 kwa sekunde tu, "hapa nimepigwa kidogo". Kompyuta ya kituo kikuu haijali tanki moja, inaangalia kama majirani nao wameripoti kwa wakati unaoendana na sahani ya chembe inayoshuka kutoka upande fulani. Ikiona mpangilio huo ndo inayaambia matanki, haya leteni data yote.

Na zile myuoni 2,000 za kila sekunde hazitupwi bure. Tunajua myuoni moja inayokatiza tanki wima inaacha mwanga kiasi gani, kwa hiyo kila tanki linajipima kwa hizo hizo, maji yakichakaa kidogo au mrija ukidhoofika inajulikana mapema bila mtu kufunga safari. Ule usumbufu ndo umegeuzwa rula.

Je ni hatari kwetu? (wengi)

Hapana. Hewa iliyo juu yetu inazuia kama ukuta wa maji wa mita 10, na ile nishati ikishatawanywa kwa mabilioni ya chembe kwenye kilomita za mraba, sehemu yako wewe ni ndogo mno. Myuoni za kawaida zinakupitia muda wote, usawa wa bahari ni kama moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika, na umezaliwa nazo.

Kama muelekeo unajulikana vizuri hivyo, si warudishe tu mstari nyuma waone imetoka kwenye galaksi gani? Mbona miaka 60 hawajapata jibu? (Mwalimu wa fizikia, sekondari)

Mwalimu mwenzangu, swali hili hata mimi nililiuliza nikiwa mwanafunzi. Mstari unakuambia chembe ilifika ikitokea wapi, haukuambii ilizaliwa wapi. Hizi chembe zina chaji, na kati ya galaksi na ndani ya galaksi yetu kuna usumaku, dhaifu lakini umeenea umbali wa kutisha, kwa hiyo njia inapinda. Protoni ya EeV 100 inapinda kidogo, ungeweza kuvumilia. Kiini cha chuma kina chaji 26, kinapinda mara 26 zaidi kwa nishati ile ile, hapo mstari wako hauna maana tena. Na vipimo vya Auger vinaonesha kwamba kadiri nishati inavyopanda ndivyo chembe zinavyozidi kuwa nzito, protoni zinapungua. Wengi walitegemea kinyume chake. Kwangu hiyo ndo habari kubwa ya miaka 20 hii, japo haikutangazwa kwa kelele, maana imeondoa ile ndoto rahisi ya kwamba tukifika juu kabisa kwenye nishati mistari itanyooka na majina ya galaksi yatajitokeza yenyewe.

Kuna kitu kimoja kinatusaidia lakini. Anga lote limejaa mawimbi hafifu ya maikrowevu yaliyobaki tangu Mlipuko Mkuu, Penzias na Wilson waliyatangaza mwaka 1965. Mwaka uliofuata Greisen kule Marekani, na Zatsepin na Kuzmin kule Urusi ya Kisovieti, wakapiga hesabu kwamba protoni yenye zaidi ya EeV 50 hivi ikitembea humo inagongana na mawimbi hayo na kupoteza nishati kila inapogonga. Viini vizito navyo vinamegwa vipande njiani. Maana yake chembe kubwa kabisa haziwezi kuwa zimetoka mwisho wa ulimwengu, chanzo lazima kiwe ndani ya miaka ya nuru milioni mia chache. Kwa binadamu ni mbali, kwa ulimwengu hapo ni jirani.

Nani basi kwa majirani? Michael Hillas mwaka 1984 aliweka kipimo kizuri: ili kuisukuma chembe lazima uizuie isitoroke wakati unaisukuma, kwa hiyo mahali pawe na usumaku mkali au pawe pakubwa mno, au vyote. Ukipitisha kipimo hicho wanaobaki ni wachache, galaksi ambazo shimo jeusi la katikati linarusha mkondo wa gesi kwa kasi ya ajabu, galaksi zinazozaa nyota kwa fujo, milipuko ya gama, na wengine wa aina hiyo. Auger wanaona chembe zimezidi kidogo upande wa galaksi ya Centaurus A. Telescope Array, ambao wako Utah na wanatazama anga la kaskazini, walitangaza mwaka 2014 kwamba kuna eneo chembe zimejazana karibu na nyota za Dubu Mkubwa. Vyote viwili vinavutia, vyote viwili havijafika pale ambapo mwanafizikia anathubutu kusema "nimegundua".

Kilichofika ni kingine. Mwaka 2017 Auger walichukua chembe zaidi ya 30,000 za juu ya EeV 8, wakauliza swali jepesi tu, je zinakuja sawa kutoka kila upande? Jibu ni hapana, upande mmoja wa anga unazidi, tofauti ni kama asilimia 6 na nusu, na upande huo hauko kwenye kitovu cha galaksi yetu, uko kama nyuzi 125 kutoka hapo. Kwa hiyo zinatoka nje ya galaksi. Ni jibu dogo ukilitazama haraka, lakini lina msingi, na mimi nikiambiwa nichague kati ya chembe moja ya rekodi na chembe 30,000 za kawaida zinazosema jambo moja kwa sauti moja, nachukua zile 30,000 bila kufikiria.

Na ile Amaterasu? Nimesoma imetoka mahali ambapo hakuna kitu. Wengine mitandaoni wanasema ni viumbe wa sayari nyingine. (Msomaji)

Tarehe 27 Mei 2021 Telescope Array waliinasa chembe ya EeV 240 hivi, iliamsha ditekta 23 za ardhini, na Toshihiro Fujii na wenzake wakaitangaza Novemba 2023, wakaipa jina la mungu wa jua wa Kijapani. Ukirudisha mstari nyuma unaangukia kwenye eneo lenye galaksi chache sana, pengo kubwa jirani na kundi letu la galaksi. Hapo ndo watu wakapagawa.

Lakini rudi kwenye jibu nililompa mwalimu. Hatujui Amaterasu ilikuwa nini. Usiku ule darubini hazikuiona, wana ditekta za ardhini tu, kwa hiyo kujua kama ilikuwa protoni au kiini kizito ni kazi ngumu. Kama ilikuwa chuma, njia ilipinda vya kutosha kutoka kwenye galaksi zilizo pembeni ya pengo, na fumbo linapungua sana. Kama ilikuwa protoni basi ndugu zangu tuna shida kubwa na ya kufurahisha. Fizikia mpya inawezekana, siikatai, ila chembe moja haiwezi kuibeba. Viumbe wa sayari nyingine naomba tuwaache, hakuna kipimo hata kimoja kinachowahitaji.

Kwa hiyo kujua aina ya chembe ndo ufunguo. Wanafanya nini kuhusu hilo? (Yule yule fundi)

Umenisoma vizuri. Kiini kizito kinazaa myuoni nyingi zaidi kuliko protoni yenye nishati sawa, na manyunyu yake yanafika kilele mapema zaidi hewani. Kilele darubini zinakiona, ila ni zile asilimia 15. Tanki linaona mwanga wa myuoni na wa elektroni vikiwa vimechanganyika, haliwezi kukuambia hii ni ya nani. Kwa hiyo kwenye mradi unaoitwa AugerPrime wameweka juu ya matanki bamba la plastiki maalumu inayotoa mmweko chembe ikipita. Bamba na tanki vinaitikia elektroni na myuoni kwa viwango tofauti, ukiwa na vipimo viwili una milinganyo miwili, unatatua. Wameongeza na antena za redio, kwa sababu elektroni na pozitroni zikipindishwa na usumaku wa dunia zinatoa wimbi fupi la redio, na hilo linapatikana hata mchana.

Kuna aibu moja wanatakiwa kuitatua hapo njiani. Programu zetu bora za kuiga manyunyu kwenye kompyuta zinatoa myuoni pungufu kuliko zinazoonekana kweli. Yaani kuna kitu kwenye migongano ya nishati hizi hatukielewi vizuri, na LHC haifiki huko kwa mbali. Ukiniuliza fizikia mpya itachungulia wapi kwanza, nitakuambia hapa, kabla ya Amaterasu.

Huko Utah nao wanatanua uwanja ukaribie ukubwa wa Auger, ili anga la kaskazini na la kusini yapate macho ya kulingana. Mpaka sasa kaskazini na kusini hawakubaliani kabisa kuhusu idadi ya zile chembe za juu kabisa, na kabla ya kusema anga ni tofauti lazima uhakikishe rula ni moja.

Mimi sina maabara wala darubini, nina kompyuta tu. Kuna kitu naweza kufanya? (Mwanafunzi yule wa swali la kwanza)

Kipo, tena cha kweli. Auger mwaka 2021 waliweka wazi asilimia 10 ya data zao, yeyote anachukua bure kwenye intaneti, na kuna programu za Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) zilizoandikwa tayari za kukuonesha njia. Chukua tukio moja lenye matanki mengi, angalia muda wa kila tanki, uyapange kwenye ramani, halafu jaribu mwenyewe kupata muelekeo kwa matanki matatu tu. Ukishapata, ongeza la nne, la tano, uone jibu linavyosogea. Kisha linganisha na jibu la kwao. Ukikwama kwenye hesabu niandikie, weka namba ya tukio na hatua uliyofikia, nitalifanya hapa hapa kwenye ukurasa toleo lijalo.